Audio-Technica AT-LP120XUSB: mashine ya santuri kwa sikio lililochoka

Dalili zinajulikana. Simu ina mamilioni ya nyimbo, kidole kinaruka kila baada ya nusu dakika, na usiku ukiingia hakuna hata wimbo mmoja uliosikilizwa hadi mwisho. Mpenzi wa muziki akiulizwa siku hizi anapenda nini, anataja aliyoyapenda miaka kumi iliyopita. Mara nyingi kosa si la muziki wala la umri. Kuchagua kumekuwa kwepesi mno hadi hakuna kinachochaguliwa: programu inaleta, msikilizaji anakubali au anaruka.

AT-LP120XUSB inatibu maradhi hayo kwa ukatili kidogo, yaani inamnyima mgonjwa anachokitaka. Haina kitufe cha kuruka wimbo, haina rimoti, na mkono wake unaobeba sindano haurudi wenyewe mahali pake. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 unakaa dakika 20 hivi, kisha lazima uinuke ugeuze. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwa hiyo hapa tunaipima kama chombo cha kusikilizia, si pambo la sebule. Sauti yake ni nzuri bila kuwa ya ajabu. Ikifungwa ovyo, sauti hiyo hiyo inachukiza, na malalamiko mengi juu ya mashine hii chanzo chake ni kufungwa ovyo.

Ilitoka mwaka 2019 kuchukua nafasi ya AT-LP120-USB. Ina kilo 8, mota inazungusha sinia (sahani inayobeba santuri) moja kwa moja bila mkanda, mkono una umbo la S, na mbele yake kuna kichwa cha AT-HS6 kinachofunguliwa kwa kuzungusha pete. Kichwani imefungwa katriji ya AT-VM95E, yaani kile kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Kasi ni tatu: 33⅓, 45 na 78, hiyo ya mwisho ukiipata kwa kubonyeza vitufe vya 33 na 45 kwa pamoja. Ndani mna kikuzaji cha fono, kinachopandisha mawimbi ya sindano, na kinaweza kuwekwa kando; nyuma kuna tundu la USB, na adapta ya umeme iko nje ya boksi la mashine ili kelele zake zisikaribie mawimbi dhaifu ya sindano.

Ukiitazama kwa mbali utadhani ni Technics SL-1200, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 na kuwa kipenzi cha madiskojoka duniani. Sura ndiyo hiyo, shughuli sivyo. Toleo la MK2 la Technics lilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya 1.5 kgf·cm, na kuyumba kwa kasi yake kulikuwa 0.025%. Hii ina 1.0 kgf·cm, na kuyumba kunakoruhusiwa ni chini ya 0.2%. Hata AT-LP120-USB iliyoitangulia ilikuwa nzito zaidi na mota yake ilikuwa na nguvu zaidi. Anayetaka kusugua santuri mbele na nyuma kwenye sherehe aende kwingine. Anayekaa kitini kusikiliza hatapungukiwa na nguvu hizo, ila hiyo 0.2% tutairudia, kwa sababu kuna aina ya muziki inayoifichua.

Kuifunga, na mahali watu wanapokosea

Anza na meza. Iwe nzito, iwe sawa, isiwe ile iliyobeba spika. Weka pimamaji juu ya sinia na uzungushe miguu ya mashine mpaka tone litulie katikati, kwanza kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Meza ikiinama upande mmoja, mkono unavutwa na uzito wake wenyewe na sindano inaegemea ukuta mmoja wa mfereji uliochongwa kwenye santuri. Spika zikiwa meza moja na mashine, besi inarudi kupitia mbao hadi kwenye sindano, sindano inaipeleka tena kwa amplifaya, na mzunguko huo ukikolea unasikia mngurumo unaopanda kila unapoongeza sauti. Hakuna waya wala sindano ya bei kubwa itakayouondoa. Hamisha spika.

Halafu mizani ya mkono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na kosa lenyewe ni dogo mno. Funga kichwa, kaza pete, vua kile kikofia cha plastiki kinacholinda sindano (kuna wanaokisahau, kisha wakashangaa kwa nini mashine haitoi sauti). Weka namba ya Anti-Skate kwenye 0. Shusha wenzo wa kuinulia, fungua kile kibanio kinachoshika mkono, kisha zungusha uzani wa nyuma, ule mviringo unaofanya kazi ya jiwe la mizani, mpaka mkono uelee wenyewe hewani, sambamba na sinia, bila kupanda wala kushuka. Shikilia sindano isiguse chochote. Rudisha mkono mahali pake na uufunge. Sasa, bila kuugusa uzani wenyewe, zungusha ile pete nyembamba yenye namba peke yake mpaka 0 ikae juu ya mstari. Mwisho, zungusha uzani mzima pamoja na pete yake usogee mbele mpaka usome 2.0.

Kosa ni hili: mtu anafika kwenye 0, kisha anazungusha pete peke yake hadi 2.0, anaridhika. Namba imebadilika, uzito haujabadilika. Sindano inaelea kwa gramu sifuri, inateleza juu ya santuri na kuruka mifereji, na mnunuzi anaandika kwamba kapewa mashine mbovu.

AT-VM95E inataka kati ya gramu 1.8 na 2.2, na 2.0 ndiyo ya kawaida. Namba za kwenye pete zinaweza kupotoka kidogo, kwa hiyo kijizani kidogo cha elektroniki cha kupimia sindano ni kifaa cha kwanza cha kuongeza kwenye mashine hii, kabla ya mapambo yoyote. Dhana kwamba uzito mwepesi unalinda santuri ni potofu, tena ina gharama. Sindano nyepesi mno haikai mferejini. Kwenye sehemu zenye kelele kubwa inarushwa na kurudi kwa kishindo, ikichonga kuta za mfereji kila mara. Utaitambua kwa herufi "s" na "sh" za mwimbaji zinazotoka kama mafuta yanayokaangwa. Ukisikia hivyo, usipunguze uzito. Ongeza hadi 2.1 au 2.2, na chunguza vumbi kwenye ncha.

Anti-Skate iweke kwenye 2, sawa na uzito wa sindano. Kazi yake ni kuvuta mkono kidogo kuelekea nje, kwa kuwa msuguano wa santuri inayozunguka huuvuta kuelekea katikati. Ukiiacha kwenye 0, ukuta wa ndani unabanwa kuliko wa nje, na sauti inaanza kukwaruza zaidi kwenye spika ya kulia.

Kinachobaki ni nyaya. Nyuma kuna swichi ya PHONO na LINE, na lazima uelewe inafanya nini. Sindano inatoa milivolti 4 hivi tu, tena sauti yenyewe imepindwa kwa makusudi. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kipimo cha RIAA kilichokubalika tangu miaka ya 1950: karibu desibeli 20 chini kwenye 20 Hz, na karibu 20 juu kwenye 20 kHz. Kikuzaji cha fono ndicho kinachoinyoosha na kuipandisha hadi kiwango cha kawaida cha amplifaya. Mnyororo unahitaji kimoja, si viwili wala sifuri. Spika zenye amplifaya ndani yake, au amplifaya isiyo na tundu la fono: swichi iwe LINE. Amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO: ama utumie tundu hilo na swichi iwe PHONO, ama utumie tundu jingine na swichi iwe LINE.

Ukiwa na viwili, sauti inapasuka na besi inafura hata kwa sauti ya chini. Ukiwa huna hata kimoja, muziki unasikika kwa mbali, mwembamba, kama redio ndogo iliyofungiwa kabatini. Kabla ya kurudisha mashine dukani, gusa swichi hiyo kwanza.

Mvumo wa chini usiokoma, ule unaofanana na wa transfoma, ni wa umeme. Ukitumia PHONO, funga waya wa ethi kutoka skrubu ya nyuma ya mashine hadi skrubu ya amplifaya. Usipite na nyaya za sauti kando ya nyaya za umeme. Na nyaya hizo zisiwe ndefu kuliko mita moja hivi: katriji hii inataka mzigo wa 47 kΩ na pikofaradi (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na waya) 100 hadi 200, na kila mita ya waya inaongeza pikofaradi zake. Zikizidi, sauti za juu zinapata ukali usiokuwa kwenye santuri.

Inasikikaje

Bora ni katikati: sauti ya binadamu, gitaa, saksofoni, tarumbeta, fidla. Hapo mashine inazungumza. Mwimbaji anasimama mbele kidogo ya bendi, pumzi zake zinasikika kabla ya mstari, na besi ya gita ina mwanzo na mwisho badala ya kuwa wingu. Soul, reggae, rumba, jazi ya watu watatu au wanne, muziki wa udi na kanuni: vyote vinapata haki yake. Mapigo ya ngoma kubwa ya mguu yanatua imara, na kwa hilo mota isiyo na mkanda inastahili pongezi.

Udhaifu wa kwanza ni piano ya polepole. Ile 0.2% ni kama senti 3.5 za kimo cha sauti, pale semitoni moja (hatua kati ya vitufe viwili vya piano vinavyofuatana) ina senti 100. Kwenye gitaa au sauti ya mwimbaji, vyenye mtetemo wao wenyewe, hutasikia kitu. Kwenye noti ndefu ya piano inayokufa peke yake kimyani, sikio lililozoea litagundua kwamba noti haijasimama kama nguzo. Ambaye maktaba yake ni piano tupu ana sababu ya kutafuta mashine yenye kasi iliyotulia zaidi.

Lakini kabla ya kuilaumu mota, tazama santuri yenyewe ikizunguka. Kama tundu la katikati limetobolewa nusu milimita tu pembeni ya kitovu, basi kwenye nusu kipenyo cha milimita 100 sauti inapanda na kushuka kwa 0.5%, zaidi ya mara mbili ya kuyumba kwa mashine. Dalili ni mkono unaocheza kushoto na kulia katika kila mzunguko. Hiyo ni hitilafu ya kiwandani kwenye santuri, na haitibiwi kwa kubadilisha mashine.

Udhaifu wa pili ni mwisho wa upande. Santuri inazunguka kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho, lakini ukingoni nje mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo kwa sentimita 21 tu. Muziki ule ule unabanwa kwenye nafasi pungufu ya nusu. Ncha ya AT-VM95E ni ya umbo la yai, mili 0.3 kwa 0.7 (mili ni sehemu ya elfu ya inchi), na kwenye mikunjo hiyo midogo haifiki pote. Kwaya kubwa, matoazi, waimbaji wenye "s" kali: nyimbo za mwisho za upande zinapoteza ung'avu na kuanza kuchakaza sikio. Ni kasoro ya santuri kama santuri, ila sindano hii inaionyesha wazi.

Jambo hilo lina upande wake mtamu, na msikilizaji wa nyimbo mojamoja hajawahi kukutana nao. Waliopanga albamu enzi za santuri walijua kwamba nafasi nzuri iko nje. Kwa hiyo mara nyingi wimbo wenye kishindo ulifungua upande, na ule wa taratibu, wenye ala chache, ukaelekezwa karibu na lebo. Upande wa pili nao ulihitaji ufunguzi wake, kwa kuwa msikilizaji ameinuka, amegeuza, amekaa tena. Albamu uliyoizoea kwenye simu kama mfululizo wa nyimbo kumi, ukiisikiliza hapa inageuka kuwa vipande viwili vyenye mwanzo na mwisho vyake. Nyimbo ulizokuwa ukiziruka zinapata kazi. Unagundua kwamba wimbo wa nne ulikuwa mapumziko kati ya vishindo viwili, na ndiyo maana ukiwa peke yake ulionekana hauna maana.

Ukitaka kurudia wimbo inawezekana, ila kwa jasho. Kuna taa ndogo inayochomoza karibu na sinia na kumulika uso wa santuri, ukaona ile mistari laini kati ya nyimbo. Inua kwa wenzo, sogeza, shusha kwa wenzo. Usishushe kwa kidole, hasa baada ya saa nne usiku.

Sindano: mahali pa kuweka fedha ya ziada

Kwa mujibu wa Audio-Technica, ncha ya umbo la yai kama hii huishi saa 300. Ukisikiliza LP (santuri ya inchi 12) moja kila siku, pande mbili, dakika 40, hizo ni santuri 450, yaani mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Baada ya hapo ncha imekuwa bapa na inaanza kuzila santuri zako. Andika tarehe ulipoifunga, kwa sababu sindano haifi ghafla: ung'avu unapungua kidogo kidogo na sikio linazoea.

Faida kubwa ya mashine hii ni kwamba sindano zote za familia ya VM95 zinaingia kwenye mwili ule ule wa katriji. Unashika kipande cha plastiki cha mbele, unakichomoa kwa kukiinamisha chini, unapachika kingine mpaka kisikike kikibana. Hakuna skrubu na hakuna kupima upya pembe. Chaguo la maana ni VMN95ML, yenye ncha nyembamba inayoingia mferejini karibu kama ile iliyouchonga. Inatajwa kuishi saa 1,000, yaani LP 1,500, karibu miaka minne kwa matumizi yale yale. Na inatibu sehemu kubwa ya ule uchakavu wa mwisho wa upande. Sindano hii inabadilisha mashine kuliko kikuzaji cha nje, kuliko kichwa kipya, na kuliko nyaya za aina yoyote. Kikuzaji cha ndani kinatosha mpaka hapo. Kina sauti iliyofifia kidogo na mnong'ono unaosikika kwa hedifoni kati ya nyimbo, lakini kukibadilisha kabla ya sindano ni kuvaa koti juu ya shati lenye doa.

Mkeka wa kitambaa uliowekwa juu ya sinia ubadilishe kwa wa mpira au wa koki (ile ya vizibo vya chupa). Kitambaa kinakusanya vumbi na umeme tuli, kisha kinanyanyuka pamoja na santuri unapoitoa. Chagua wenye unene unaokaribiana na ule wa mwanzo ili pembe ya mkono isibadilike.

Kuhusu santuri za 78, kuwa mwangalifu. Mashine inazungusha kasi hiyo, sindano iliyokuja nayo haifai. Mifereji ya zamani ni mipana, inataka ncha ya mili 3 hivi, kwa hiyo ncha nyembamba inazama hadi chini kwenye takataka na unasikia kelele zaidi ya muziki. Ipo sindano ya familia hiyo hiyo kwa kazi hiyo, VMN95SP. Fahamu pia kwamba nyingi ya santuri hizo zilichongwa kabla ya RIAA, hivyo kikuzaji cha kawaida kitazipa besi na ung'avu visivyo vyake.

Usafi

Kabla ya kila upande, shika brashi ya nyuzi za kaboni juu ya santuri inayozunguka, mizunguko miwili au mitatu, kisha ivute taratibu kuelekea nje pamoja na vumbi lake. Sindano ipigwe brashi kutoka nyuma kuja mbele tu, kamwe si kinyume wala kwa pembeni, kwa sababu kijiti kinachoishika kimejengwa kuvutwa upande mmoja.

Santuri iliyonunuliwa ikiwa imetumika ioshwe kabla ya kugusana na sindano yako. Sehemu moja ya alkoholi ya isopropili kwa sehemu nne za maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato, kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mfereji, kisha suuza kwa maji hayo hayo yasiyo na kitu. Lebo isilowe. Ianike wima. Maji ya bomba yanaacha chumvi mferejini, na chumvi hiyo utaisikia kama vijiti vinavyovunjika. Alkoholi isiguse santuri za 78 za shelaki hata kidogo: inaziyeyusha. Hifadhi zote zikiwa zimesimama wima bila kulala upande, mbali na jua la dirishani.

USB

Inafanya kazi, na hakuna mengi ya kusema. Unaunganisha kwenye kompyuta, unafungua programu kama Audacity, unachagua mashine kama chanzo cha sauti, biti 16 na 44.1 kHz. Acha vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Upande wa dakika 20 unakula megabaiti 210 hivi, na ukihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, unapungua hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. Kwa nakala za santuri ambazo hazipatikani mtandaoni ni jambo la maana. Kwa albamu iliyopo kila mahali ni kupoteza jioni.

Santuri za kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoizima hamu tena. Wananunua zile zinazosifiwa kila orodha, thelathini kwa mpigo, kisha hazishuki rafuni. Kipya kinyemi, lakini rafu iliyojaa haraka inageuka kuwa simu nyingine.

Anza na tatu tu kwa mwezi wa kwanza. Ya kwanza iwe albamu unayoijua neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuonyesha mashine imefungwa sawasawa: kama mwimbaji anasikika mgeni, rudi kwenye mizani na swichi. Ya pili iwe ya msanii ambaye wimbo wake mmoja unaupenda na mingine huijui. Ya tatu iwe ya aina ya muziki uliyowahi kusema huipendi. Ipe upande mmoja kila wiki kwa wiki nne kabla ya kuihukumu. Mara nyingi chuki ya mtu kwa muziki fulani ni ya sekunde thelathini za mwanzo, na mashine hii haitoi sekunde thelathini. Inatoa dakika 20.

Kwa santuri zilizotumika, iname chini ya taa na uangalie uso kwa ubavu. Mikwaruzo myepesi kama nywele mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaoweza kuuhisi kwa ukucha utasikika, tena katika kila mzunguko. Uso uliofifia na kuwa kijivu badala ya mweusi unaong'aa umelimwa na sindano mbovu, na hakuna kuosha kutakakourudisha. Angalia pia urefu wa pande: upande wa dakika 28 umechongwa kwa mifereji iliyosongamana, kwa hiyo sauti yake ni ya chini na kelele za uso zinakaribia muziki. Albamu hiyo hiyo ikiwa imegawanywa kwenye santuri mbili, chukua hiyo.

Nani asiinunue

Anayesikiliza akipika, akifagia, akilala. Mashine haijui kwamba upande umekwisha. Sindano inaingia kwenye mfereji wa mwisho na kubaki humo, ikigonga mara moja kila sekunde 1.8 mpaka aje mtu, na saa zote hizo zinahesabiwa katika zile 300. Kwa mtu wa namna hiyo AT-LP60X, mashine nyingine ya Audio-Technica, inafaa zaidi: mkono unashuka kwa kitufe, unarudi wenyewe, mota inazima. Uzito wa sindano haurekebishwi na katriji haibadilishwi, kwa hiyo hakuna pa kukosea na hakuna pa kupanda.